Onyo Limemfikia Muuzaji

Kwa Serikali yetu sikivu,
Milango yote mitatu: Afya, Kilimo na Fedha.

YAH: PONGEZI KWA ONYO LA PAKITI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Kihesa, Iringa. Nawapongeza kwa Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, ambayo kanuni zake zilitoka 2014. Wanaosema mlichelewa hawajui kuwa afya haitaki pupa. Katikati hapo, 2007, mliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Tuliupokea kama mgeni: tukaukalisha sebuleni, tukarudi jikoni kuendelea na yetu.

Matunda tunayaona. Pakiti ina onyo. Kasoro ni moja tu: hapa Kihesa Sokoni hakuna anayenunua pakiti. Mtu ananunua sigara moja, mbili kama kibarua kimelipa, anaiwasha kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba kwenye nondo ya dirisha la kibanda, huyoo, kilabuni kwenye ulanzi. Pakiti inabaki ndani. Anayekodolea onyo lenu kutwa nzima ni mama mwenye kibanda, naye havuti. Elimu imemfikia barabara. Wakenya wamebandika picha za magonjwa tangu 2016. Waganda, kwa haraka zao, walikataza kuuza moja moja katika sheria ya 2015. Sisi maandishi yanatutosha. Mama anajua kusoma.

Upande wa pili, huko Chunya, mkulima anakata kuni za kukaushia tumbaku kwenye bani, na Bodi ya Tumbaku inafurahia kilo zikiongezeka, maana zao linaleta dola. Mkulima simsemi. Zao gani jingine mnunuzi wake humletea mbolea ya mkopo kabla ya mvua? Hilo ndilo swali ambalo mlango wa Afya haujawahi kwenda kuuliza mlango wa Kilimo. Mlango wa Fedha nao unahesabu ushuru wa sigara, na sijui kama kweli unaombea tuache.

Ombi langu ni dogo: onyo lihamishiwe kwenye kamba ya kiberiti. Kila mvutaji wa Kihesa huishika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kihesa

Nakala: Mama mwenye kibanda (ameshasoma).