Mjukuu wa Ujiji, Mlipakodi wa Washington

Bibi wa Ujiji anaanika dagaa, anafunga magunia, na faida anamnunulia mjukuu vipande vya Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, ulioanzishwa 2008. Karo hiyo. Kosa la mjukuu ni moja tu: kazaliwa Ohio, akawa raia wa Marekani.

Marekani hudai kodi kwa raia wake popote alipo, hata kama anaoga ziwani Kibirizi. Kwa Washington, vipande vya bibi ni uwekezaji wa kigeni. Vikiuzwa kwa faida vina fomu yao, namba 8621. Baba naye, huko Ohio, kafungua akiba ya elimu ya 529. Hongera zake! Ila mtoto akisoma chuo ambacho serikali ya Marekani haikitambui, faida hukatwa kodi, na juu yake adhabu ya asilimia 10.

Mkataba wa kuzuia kodi mara mbili baina ya Tanzania na Marekani? Haupo.

Dodoma nayo haimruhusu mtu mzima uraia pacha. Akitimiza miaka 18, wakati wenyewe wa chuo, mjukuu achague. Akiikana Marekani, kuna ada: mwaka 2014 ilipandishwa kutoka dola 450 hadi 2,350. Ya kutoka hiyo, si ya kuingia.