Rimu Kubwa kwa Altezza Kuukuu: Mwongozo wa Kufika Ruangwa

Malipo ya korosho yameingia, na wewe una Altezza. Kinachofuata kinajulikana Nachingwea nzima: kabla jua halijazama utakuwa umeshapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, kuulizia rimu za inchi 18 zinazong'aa kuliko meza ya bwana harusi. Ngoja kwanza. Weka simu, chukua mtarimbo, ingia chini ya gari.

Altezza iliuzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata iliyotoka kiwandani mwishoni kabisa imeshakula miaka yake 20. Ni gari zuri, nalipenda, na Wajapani nao walilipa tuzo ya gari bora la mwaka 1998–1999. Mbele na nyuma kila gurudumu limeshikwa na mkono wa juu na mkono wa chini, ndiyo maana kwenye kona tairi hukanyaga sawasawa. Lakini mikono mingi maana yake bushi nyingi, na bushi ni mpira. Mpira uliozeeka Japani ukaja kumalizia uzee wake kwenye vumbi la kusini hauna ubishi na mtu: unapasuka.

Basi hatua ya kwanza ni miguu, rimu baadaye. Pachika ncha ya mtarimbo kati ya mkono na fremu, sukuma taratibu, angalia bushi. Ikifunguka mdomo, imekufa. Pitisha kidole kwenye shokapu: ukikuta mafuta yaliyoshikana na vumbi, nayo imekufa. Piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, kuna boljointi au beringi inayoomba mapumziko. Orodhesha vyote hivyo na ununue kwa pesa ile ile uliyotenga kwa rimu. Inauma, najua, kwa sababu bushi mpya hakuna anayeipiga picha.

Kwa nini nasisitiza hivi? Hesabu inatosha. Tuseme gari lako linatembelea tairi za 195/65 za inchi 15. Ukuta wa tairi hilo, yaani mpira kati ya rimu na barabara, una urefu wa milimita 127 hivi. Ukipanda hadi 215/45 za inchi 17, ukuta unabaki milimita 97. Ukifika 225/40 za inchi 18, milimita 90. Kimo cha gurudumu zima hakijabadilika sana, ni karibu milimita 630 kote, kwa hiyo gari halijanyanyuka na spidomita haijachanganyikiwa. Ulichofanya ni kuondoa mpira na kuweka chuma mahali pake. Kishindo kilichokuwa kinamezwa na tairi sasa kinapanda moja kwa moja kwenye bushi, shokapu na beringi. Kumvalisha mzee mwenye goti bovu viatu vya chuma halafu umwambie akimbie, ni jambo hilo hilo.

Sasa twende kwenye springi. Kuna fundi atakayekushauri azikate gari likae chini. Mpe maji ya kunywa, mshukuru, ondoka na gari lako. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na fupi, shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, na kila shimo linaishia kwenye kizuizi cha mpira kilichopo mwisho wa shokapu. Akikata kwa moto wa gesi, joto limeshaharibu ugumu wa chuma chenyewe. Nunua springi na shokapu zinazoendana, za gari hilo hilo, zibadilishe pande zote mbili za ekseli kwa pamoja.

Wakati wa kufunga bushi mpya, simama hapo hapo karibu na fundi. Boliti za mikono zisikazwe mwisho gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Ziachwe nusu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Zikikazwa hewani, gari likishuka mpira unabaki umejipinda, na bushi uliyoilipia vizuri inachanika kabla ya msimu wa ufuta. Ni kazi ya dakika chache, lakini ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kwenye rimu, matundu matano tu hayatoshi. Soma namba iliyopigwa kwa ndani baada ya herufi ET: inaonyesha kwa milimita rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Ikitofautiana mno na ya kiwanda, tairi litakwangua fenda au shokapu. Na spesa nene za kutoa gurudumu nje zinaongeza mzigo kwenye beringi kwa ajili ya sifa tupu.

Halafu iko barabara yenyewe. Lami imekuwa ikijengwa kutoka Nanganga kwenda Ruangwa, na ukiwa juu yake utajiona bingwa. Ukirudi kwenye kifusi chekundu, vimatuta vilivyochimbwa na malori ya korosho vinaanza kuongea na miguu ya gari, na mvua zikichanganya, shimo halionekani mpaka uwe ndani yake. Nachingwea inajua gharama ya mashine isiyoendana na ardhi. Kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, uliovunjwa 1951, vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Fedha ziliteketea, karanga zilizopatikana zilikuwa chache mno.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: kama safari yako ya kila wiki ni Nachingwea–Ruangwa, funga inchi 16 yenye tairi za 205/55. Ukuta wake ni milimita 113, sura inabadilika na rimu haipindi kirahisi. Inchi 17 mwachie anayeshinda kwenye lami. Inchi 18 mwachie anayeuza rimu.

Ukimaliza, piga alaimenti, maana bushi mpya zimehamisha kila kitu na tairi litaliwa upande mmoja. Baada ya kilometa 100 shuka, chukua spana, kaza tena nati za magurudumu yote manne.