Nyumba Ina Namba, Mwenyekiti Ana Muhuri

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba zetu za Mpanda zina namba, na programu ya anwani ya NaPA imeziweka kwenye simu. Hongera kwetu! Sasa mpe bodaboda mwenye mzigo wako namba hiyo. Atanyamaza kidogo, kisha aulize: ni pale penye mwembe, au kule kwa mama wa vitumbua? Nawe, mstaarabu wa kidijitali, utamjibu, “Mwembeni, halafu kata kushoto.” Setilaiti inajua unapolala. Ila ukienda kukopa, mkopeshaji anataka barua ya mtaa yenye muhuri, na muhuri umo kwenye begi la mwenyekiti wa mtaa, naye mwenyekiti yuko msibani Karema.