Keki na Nyimbo za Talaka

Mji huu mtu haendeshi bodaboda bila leseni, angalau kwenye makaratasi. Lakini spika kubwa kuliko kabati la nguo anakabidhiwa yeyote mwenye kofia na kompyuta, na hakuna anayemuuliza kama anasikia anachopiga.

Jumamosi tulikuwa ukumbini, Kariakoo. Maharusi wameinuka kulishana keki, MC ameomba utulivu, wapiga picha wanasukumana. Dijei, kijana ambaye ndevu bado zinamfikiria, akatufungulia Lucille ya Kenny Rogers. Ukumbi mzima ukapunga mikono. Mama wa bwana harusi akafumba macho kwa raha. Mimi nikabaki na paja la kuku hewani.

Lucille mnaijua? Ni ya mwaka 1977. Mwanamke kakaa baa huko Toledo, jimbo la Ohio, kavua pete ya ndoa, anazungumza na mwanamume asiyemjua. Mara anaingia mumewe, mkulima, mikono imejaa sugu, na kilio chake ni kwamba mke kamkimbia wakati wa mavuno na kumwachia watoto wanne. Huo ndio wimbo wa keki! Na kama hiyo haitoshi, mama mzazi wa Kenny Rogers naye aliitwa Lucille, tena mwenye watoto wanane. Sijui huyo mama aliwaeleza nini majirani.

Nikamfuata dijei.

"Kijana, badilisha huo wimbo."

"Shikamoo, mzee wangu. Huo nimewawekea nyie wazee."

"Marahaba. Unajua anaimba nini?"

"Si mapenzi, mzee?"

Mapenzi! Basi na ajali ya Chalinze tuiite safari.

Akabadilisha, sina budi kumshukuru. Akaweka I Will Always Love You. Nikarudi kitini, mke wangu akanikanyaga mguu kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo namalizia hapa nilichozuiwa kusema pale. Wimbo ule si wa kuoana, ni wa kuagana, tena kuagana kikazi. Dolly Parton alijiunga na kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner mwaka 1967, akang'ara, halafu akataka kujitegemea. Bosi hataki kusikia. Wakabishana wee, mwisho binti akaona maneno hayafai, akaandika wimbo, akaenda kumwimbia. Ulitoka mwaka 1974. Kwa hiyo ile tunayoimwagia machozi kwenye harusi ni barua ya kuacha kazi. Mwaka 1992 Whitney Houston akaupandisha mpaka darini, na watu wakabaki na sauti, habari yenyewe ikasahaulika.

Nampenda Dolly kwa jambo moja zaidi. Elvis Presley alitaka kuurekodi wimbo huo. Meneja wake, Colonel Tom Parker, akasema sawa, ila tupeni nusu ya haki za wimbo. Dolly akakataa. Elvis mwenyewe! Wenye maduka wa Mtaa wa Kongo wangemwelewa mwanamke yule bila mkalimani.

Kinachoniudhi ni kwamba kuna mahali wimbo ule ungekaa vizuri: kwenye sherehe ya kumuaga binti kwao. Tulikuwa na sherehe hiyo, na binti ni huyu huyu wa keki. Tulipigiwa nini? Piga Ua Talaka Utatoa, ya Msondo Ngoma. Bibi harusi mtarajiwa kakaa kwenye kiti cha kupambwa, mama zake wadogo wanamzunguka na vitenge vya sare, jasho linatoka, viatu vimetupwa kando, na jina la wimbo lenyewe halijifichi. Hapo huwezi kusingizia Kiingereza.

Ndiyo maana siku hizi sisemi tena kwamba nyimbo za country, za wale wenye kofia pana, ni za kigeni. Wakenya wameliona mapema, mpaka wana Elvis wa kwao, Elvis Otieno, wanamwita Sir Elvis. Sisi tulikuwa nazo bila kofia. Ukumbi wa DDC Kariakoo, Sikinde walipopiga miaka nenda rudi, una tofauti gani na Nashville? Kule kuna Lucille, Ruby na Jolene. Huku Edita, Neema na Hiba, halafu Marijani Rajabu anakuongezea Zuena na Georgina. Mwanamke anatajwa jina, gitaa linamsindikiza, mtaa mzima unajua nani kakosana na nani. Jolene wenyewe ulitokana na mhudumu wa benki mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akimchangamkia mume wa Dolly. Weka badala ya benki dirisha la wakala wa pesa, Mtaa wa Msimbazi, wimbo hauhitaji marekebisho. Na Majirani Huzima Redio wa Mlimani Park, hao hao Sikinde, ule wa wanandoa ambao ugomvi wao una wasikilizaji wengi kuliko kipindi chochote, ungeandikwa wapi kama si kwenye nyumba ya vyumba sita na korido moja?

Jim Reeves ndiye aliyetupumbaza zaidi. Kwa kuwa aliimba nyimbo za dini kwa sauti ile ya shemasi, wazee wetu walimpa Jumapili nzima. Bi mkubwa anachemsha chai ya kwenda kanisani huku Jim anaimba He'll Have to Go, wa mwaka 1959, yuko kwenye simu ya baa anambembeleza mwanamke amfukuze mwanamume aliye naye pale pale. Aminaa!

Juzi nimejaribu tena kumweleza mtu wimbo, pale Feri Magogoni, upande wa wakaanga samaki. Jamaa ana redio ndogo ya flashi kaifunga kwa kamba ya wavu, imeota magamba. Anageuza changu kwenye karai huku anaunguruma Coward of the County, Kenny Rogers tena, wa mwaka 1979. Nikamweleza: huyo Tommy baba yake alifia gerezani, akamuusia asipigane. Halafu ndugu watatu wakamvamia na kumdhulumu mpenzi wake Becky. Tommy akawafuata baa, akafunga mlango, akawalaza wote.

Akasimamisha chujio.

"Mlango aliufunga kwa ndani, anko?"

"Kwa ndani."

"Safi sana!" Akaongeza sauti, akarudia wimbo kutoka mwanzo, changu wangu akaungua upande mmoja.

Mtoto wa dada yangu anaoa Desemba. Niliomba kwa heshima niwekwe kamati ndogo ya muziki, nikapeleka na orodha ya nyimbo, kila mmoja na maelezo yake pembeni. Kikao kilijadili nikiwa nimetoka kupokea simu. Nimepewa maegesho ya magari, nje, mbali na spika. Mchango wangu haukuguswa: laki mbili, na kadi ya kukumbushia imeshafika.