Washenga, Mabawabu na Kigeugeu: Jaribio la Kuainisha Wapitishaji wa Joto Mjini Nakuru

Ndege wa Ziwa Nakuru wamehesabiwa na kuorodheshwa hadi wamechoka wenyewe. Vitu vinavyopokezana joto mjini humu vimeachwa vijitegemee. Makala haya yanapendekeza ngeli tatu, na msomaji asiogope: hazihusiani na zile zilizomtoa jasho darasani.

Ngeli ya kwanza ni ya Washenga. Kielelezo chake kilipatikana katika kibanda cha fundi kando ya Kenyatta Avenue, ndani ya kipakatalishi cha mtafiti ambacho kilikuwa kikijizima kila kikipata moto. Feni ilikuwa imesakamwa na vumbi (jina Nakuru lenyewe, husemekana, lina vumbi ndani yake kwa Kimaasai). Chini ya kipande cha shaba kinachonyonya joto la prosesa kulikuwa na utando wa kijivu uliokauka kama ukoko wa ugali.

Utando huo ulikuwa mshenga aliyefia kazini. Metali mbili, hata zikisuguliwa zikang'ara, hugusana kwenye vinundu vichache tu. Kwingine kote ni hewa. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha wati 400 hivi kwa mita kwa kelvini, hewa, 0.026. Ndoa haiwezekani. Ndipo huletwa dawa ya kijivu: mafuta ya silikoni yaliyokorogwa na unga wa madini, kama vile oksaidi ya zinki au ya alumini. Mafuta huifukuza hewa mianyani, unga hubeba joto. Hata hivyo mshenga si bibi harusi. Dawa nyingi za aina hii hazifiki hata 10, kwa hiyo inatakiwa nyembamba iwezekanavyo. Fundi aliweka tone la ukubwa wa punje ya mchele. Nilipomsihi aongeze, akacheka: "Bosi, ukiijaza unaivalisha sweta."

Wapo pia Washenga Bandia, hasa dawa ya meno. Hufanya kazi ikiwa mbichi, kisha hukauka na kupasuka. Tusipoteze wino.

Ngeli ya pili, Mabawabu, ina makao yake makuu Kariandusi, karibu na Gilgil, panapochimbwa udongo mweupe mwepesi ajabu. Ni maganda ya silika ya mwani wa ziwa la kale, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na kila kitundu kimefunga hewa. Hewa ile ile iliyomkosesha fundi usingizi hapa ni mlinzi wa kuaminika.

Bawabu mashuhuri zaidi, lakini, yuko jikoni: jiko la makaa lenye kikombe cha udongo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Kikombe hicho huunganishwa na bati kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti. Tazama vizuri: kitu cha kugandisha, na punje za madini ndani yake. Ni upishi wa fundi wetu kabisa! Tofauti imo tumboni mwa punje. Ile ya zinki imejaa. Vermikulaiti ikichomwa hufura kama bisi na kumeza hewa.

Ngeli ya tatu, Kigeugeu, ina mwanachama mmoja: kitambaa cha kuepulia sufuria. Kikiwa kikavu ni bawabu, kwa kuwa nyuzi zake zimeshika hewa. Kikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa, nayo maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kwa macho huwezi kujua. Jumapili moja shangazi yangu, aliyepika kwa miaka 40, alikamata sufuria ya githeri kwa kitambaa kilichokuwa kimetumika kufutia meza muda mfupi uliopita. Githeri ilibaki sakafuni. Shangazi alikimbilia mferejini na kuvitumbukiza vidole katika maji, yakaanza kutoa joto kwa bidii ile ile yaliyoliingizia.