Mashine ya Soda ya Fundi Mageti

Kufungua chupa hapa Dar es Salaam hakujawahi kumshinda mtu. Asiye na opena hutumia kiberiti cha gesi, kijiko, ukingo wa meza, komeo la mlango au chupa nyingine. Ukoo wetu una mjomba anayetumia gego hadi leo, ingawa upande mmoja wa kinywa chake umeshastaafu kazi hiyo. Sasa mwombe mmoja wa mabingwa hao akuzibie chupa ileile. Atakutazama kana kwamba umemwambia airudishe nyama kwa ng'ombe.

Mimi nisingejali, ila sebule yangu ya Tabata siku hizi ni kiwanda. Mke wangu anatengeneza kinywaji cha tangawizi, limao, sukari na hamira kidogo, kinachochachuka chenyewe ndani ya chupa kabla ya kuingizwa kwenye friji. Kikienda sawa, kinapanda puani. Kizibo kikilegea, gesi inatoroka usiku, na asubuhi unauza maji ya tangawizi. Wateja nao wanataka chupa ya kioo na kizibo cha bati. Ya plastiki wanasema inawakumbusha mafuta ya taa. Kwa hiyo jioni lazima mtu abane vizibo, na kwa kura ambayo sikuitwa kuipiga, mtu huyo ni mimi au shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Tulianza na kile kifaa cha nyundo kutoka duka moja la Kariakoo. Ni kikombe cha chuma chenye kishikio kifupi. Unaweka kizibo juu ya chupa, unakifunika na kikombe, mkono mmoja unashika shingo ya chupa, wa pili unapiga nyundo. Yaani mtu mzima alikaa, akafikiri, akaona mahali pazuri pa kuweka kiganja cha binadamu ni sentimita chache chini ya kioo kinachogongwa. Kioo ukikibana polepole na kwa kunyooka kinavumilia mzigo mkubwa kuliko unavyodhani. Ukikishtua au kukipinda, hakina subira hiyo. Nyundo ikitua imelalia upande kidogo tu, shingo inakatika, na mkono upo palepale unasubiri. Tena chupa zetu si mwali. Zimegongana kwenye kreti, zimeburuzwa sakafuni, zina mikwaruzo, na ufa wa kioo hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo.

Shemeji alishonwa nyuzi kiganjani. Muuguzi alipomuuliza nani kamfanya hivyo, akajibu, "Chupa." Muuguzi akaandika, kisha akanitazama mimi.

Tukahamia kwenye kile cha mabawa mawili. Hiki kina akili kidogo: meno yake yanakamata ile pete ya kioo iliyo chini ya mdomo wa chupa, halafu unashusha mabawa yote mawili kwa pamoja na kizibo kinabanwa bila kupigwa. Tatizo ni hiyo pete. Chupa za viwanda vya hapa zina wenyewe na lazima zirudi kwenye kreti, kwa hiyo sisi tunanunua baa chupa za bia za nje ambazo hakuna anayezidai. Kila nchi imeleta pete yake. Nyingine nene, nyingine nyembamba, nyingine iko chini mno, na kifaa kinateleza na kuing'ata ngozi ya kiganja. Zipo pia zile za kufungua kwa kuzungusha, zenye hesi mdomoni. Hizo ukizibana kizibo cha kawaida hazishiki vizuri, na mdomo wake ni mwepesi kuvunjika. Shemeji anazitambua kwa kidole na kuzitupa pembeni. Na bado chupa ilihitaji kushikwa isizunguke, hivyo ikabidi ibanwe mapajani. Mama mkwe alipokuja na kukuta hali hiyo, alisema yapo mambo ambayo hakumlea mwanawe ayafanye, akaomba apelekwe stendi.

Anayestahili lawama alifariki mwaka 1906, kwa hiyo nimechelewa. William Painter wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyepata hataza ya kizibo hiki mwaka 1892. Chukua kizibo chochote cha soda uhesabu meno yake: 21. Cha Painter kilikuwa na 24, na ndani aliweka kipande chembamba cha koki, mahali ambapo leo pana plastiki. Mwaka 1894 akapata hataza ya opena, maana alikuwa mfanyabiashara wa kumalizia pande zote. Lakini kinachoniuma ni kwamba mtu huyo alijua fika kuwa kizibo bila kifaa cha kukibana ni kete ya drafti tu, akatengeneza mashine ya kubania inayokanyagwa kwa mguu. Kwa mguu! Zaidi ya karne imepita tangu mzungu wa Baltimore agundue kwamba kazi hii inafanyika bila kiganja kukaribia shingo ya chupa, na mimi nauziwa nyundo. Kampuni yake ndiyo iliyomtuma King Gillette mitaani kuuza vizibo, na ni Painter aliyemshauri abuni kitu cha kutumia na kutupa. Gillette akaja na wembe. Ukiniuliza mimi, ofisi ile ilikuwa na neno na ngozi za watu.

Nikaamua chetu kitengenezwe upya, eneo la Gerezani, kwa fundi wa kuchomelea ambaye jirani alimsifu. Nilikwenda na mchoro. Fundi akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza miguu juu, akauweka chini ya kopo la rangi ili benchi lisichafuke.

"Niambie tu mzee, inabana nini?"

"Vizibo vya soda."

"Kumbe mashine ya soda! Kaa hapo. Unaondoka nayo."

Sikuondoka nayo. Fundi huyu maisha yake yote ametengeneza mageti, na kwa mtu wa mageti usalama ni unene wa chuma. Nikisema nataka kifaa salama, anaongeza skwea paipu. Nikifafanua kwamba salama ninayoitaka ni ya mkono, anaongeza nyingine. "Mzee, hii hata gari haiivunji." Ilipokamilika kwa mara ya kwanza, ilibebwa na vijana wawili, na juu ya nguzo zake alikuwa amechomelea mikuki miwili ya urembo, ile ya kuzuia wezi wasiruke ukuta. Nilitaka kifaa cha kunusuru viganja, nikaletewa chenye mikuki usawa wa macho.

Mikuki ikakatwa, kwa malipo, na malipo hayo yalikuwa makubwa kuliko ya kuiweka. Ndipo tukaanza kuzungumza sawasawa. Nikamwambia mikono yote miwili ya mtumiaji iwe kwenye wenzo wakati wa kubana.

"Na chupa ataishika nani?"

"Haishikwi."

Karakana nzima ilicheka. Hata mama muuza chai alisimama kusikiliza. Ilibidi nieleze: chini kuwe na kikalio, kipande cha bomba kilichochomelewa kwenye bamba na kutandikwa mpira wa tyubu, chupa isimame humo yenyewe, na kikombe cha kubania kishuke kikiwa kimenyooka juu yake, kisiyumbe kushoto wala kulia. Kikiyumba, tumerudi kwenye nyundo. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri pikipiki yake akasema hilo ni jambo dogo, kikombe kipite ndani ya bomba kama inavyopita shokomzoba. Fundi hakufurahi kufundishwa na mteja mwingine, lakini alifanya.

Vita kubwa ilikuwa ya milimita. Kizibo kibichi kina upana wa milimita 32 kwenye meno. Kikishabanwa vizuri kinapungua hadi kama 29. Tofauti ni milimita tatu, na kazi yote ya ulimwengu huu wa soda na bia imo humo. Fundi alipima kwa futi ya utepe, akafumba jicho moja, akasema, "Milimita mbili tatu si neno, mzee." Kwenye geti ni kweli, unaipiga teke inaingia. Tukabishana mpaka akakubali koni ya ndani ya kikombe ikakerezwe kwa jirani yake mwenye mashine ya kukerezea, mzee mkimya aliyepima kwa kipimo halisi, akailainisha kwa msasa na kuipaka mafuta kidogo ili isikwaruze rangi ya kizibo. Bati likikwaruzwa linashika kutu, na mteja akiona kutu haulizi chochote, haji tena.

Kisha wenzo. Mfupi unataka nguvu za mpiga kwata. Mrefu mno, hata mtoto anaupasua mdomo wa chupa bila kujua, kwa sababu kizibo kikishabanwa nguvu inayobaki inaenda kwenye kioo. Hapo nikadai bolti ya kuzuia: wenzo ukifika mahali pake ugonge bolti, usishuke tena hata ukiukalia. Ina nati mbili, unairekebisha mara moja kwa aina moja ya chupa, basi. Fundi aliona huo ni ubahili wa chuma. Kitu kinashuka, unakizuia kwa nini? Wenzo wenyewe ulikuwa unaanguka ukiachiwa, ukimvizia mwenye kichwa kilichoinama, kwa hiyo kijana wa bodaboda akatoa springi ya stendi ya pikipiki na mpira wa mshikio. Pikipiki ilikuwa ya nani sikuuliza.

Aliyeniokoa kabisa ni mstaafu mmoja wa kiwanda cha nguo, aliyekuja kuchomelewa fremu ya baiskeli. Nilikuwa naeleza kwamba chupa ikivunjika vipande visiruke, na fundi alikuwa ananielekeza nikanunue miwani. Mzee akasema kwao kiwandani kila mashine ilikuwa na kinga, na kila kinga ilikuwa imeng'olewa na kuwekwa nyuma ya mlango, kwa sababu inachelewesha kazi. "Kinga weka mahali ambapo akiitoa, kazi haiendi." Huyu mzee hakutoza kitu, na sentensi yake moja imenifaa kuliko ushauri wote niliolipia. Tukachukua bomba la plastiki la inchi nne, la maji machafu lakini jipya, tukalikata dirisha dogo la kupitishia chupa, na pini inayoshika wenzo tukaipitisha kwenye masikio ya bomba hilo. Ukiling'oa bomba, wenzo nao unaanguka chini. Dirisha linaelekea upande ambao mtumiaji hasimami.

Tukajaribu makusudi kwa chupa mbaya, ile ya kuzungusha, na bolti ikiwa imelegezwa. Ikapasuka mdomoni kwa mlio wa kuridhisha. Vipande vyote vikabaki ndani ya bomba. Mzee wa baiskeli akachungulia, akasema, "Imekaa." Fundi akauliza chupa hiyo inahesabiwa kwenye bili ya nani.

Nyumbani mapokezi yalikuwa ya wastani. Shemeji aliipenda palepale, akabana vizibo kwa mikono miwili huku anaangalia tamthilia. Mke wangu akaizunguka, akauliza kwa nini kitu cha kuziba chupa kina kitasa. Fundi alikuwa ameweka kitasa. Nadhani mkono wake ulikwenda wenyewe. Kisha mke wangu akaja na hoja ambayo Gerezani hakuna aliyeifikiria, maana hakuna aliyewahi kumenya tangawizi pale: soda inamwagika, ina sukari, sukari inaleta sisimizi, na bomba lazima lioshwe kila siku. Nikamweleza nadharia ya mstaafu, kwamba bomba halitolewi ovyo. Akanijibu kwamba sisimizi hawajasoma nadharia hiyo. Sasa bomba linatoka kwa spana, asubuhi, na spana anakaa nayo yeye. Bila spana kurudi hakuna wenzo, na bila wenzo hakuna biashara, kwa hiyo linarudi. Kusema kweli utaratibu huo ni mzuri kuliko nilioubuni, jambo ambalo sijamwambia.

Malalamiko yaliyobaki ni madogo. Inachelewesha kidogo kuliko nyundo, kwa sababu nyundo haikuwa na shida ya kumaliza upesi. Ni nzito, hivyo imekaa palepale ilipotuliwa na wale vijana, mbele ya kabati la vyombo, na sahani za wageni hatujaziona tena. Na majirani wanakuja "kuiona" wakiwa na chupa zao mkononi.

Juzi nimepita Gerezani nikamkuta fundi ametengeneza nyingine, amezipanga kando ya barabara, zimepakwa rangi ya fedha, bei kubwa kuliko yangu. Mikuki imerudi. Bomba hakuna, mteja, anasema, anapenda kuona kazi inavyofanyika. Nikauliza bolti ya kuzuia iko wapi.

"Mzee, bolti inaongeza gharama."

Nikamwambia basi aongeze bei, lakini bolti aiweke. Akafikiri, akafuta mikono kwenye mchoro wangu, akakubali: bei ataongeza leo, bolti ataangalia.