Vita vya Mizani Nyumbani Kwangu

Ndugu yangu mwenye mke, watoto, mama mkwe na shemeji chini ya paa moja, utanielewa. Nyumba ya namna hiyo haina upungufu wa mambo ya kubishania. Hata hivyo shemeji yangu, ambaye watoto wamembatiza Anti Ofa kwa sababu hawezi kupita duka lenye punguzo la bei, akatuletea mizani ya kioo inayotaja hadi asilimia ya mafuta mwilini.

Mke wangu, Mkaguzi Mkuu wa nyumba hii, aliipanda alfajiri, ametoka kitandani macho hayajafunguka vizuri. Anti Ofa akaipanda usiku, baada ya kusimama kutwa nzima dukani kwake Kariakoo. Hawa ni ndugu waliofuatana ziwa. Umbo moja, kitambi kimoja, nguo wanaazimana. Mizani ikampa Anti Ofa mafuta machache kuliko dada yake. Kesho yake chapati zikapigwa marufuku kwa watu wote, mimi nikiwamo, na mimi sikuulizwa. Nani huulizwa kwake?

Kisha Mkaguzi akapima tena jioni, mafuta "yamepungua" tangu asubuhi, na wali wa mchana ameula. Hapo Wakili, binti yetu anayesomea uuguzi na ambaye hajawahi kushindwa ubishi tangu aanze kuongea, akaomba kusikilizwa.

Alitueleza kwamba mizani ile haiyaoni mafuta. Inapitisha umeme mdogo sana, chini ya miliampea moja, kutoka unyayo mmoja, ukapanda mguu, ukavuka nyonga na kushukia mguu wa pili. Misuli imejaa maji na chumvi, umeme hupita kwa urahisi, mafuta huukinza. Mizani husoma ukinzani huo, ikauchanganya na uzito, urefu, umri na jinsia, ndipo ikakisia mafuta. Ukilala usiku kucha, maji ya miguuni hurudi kiwiliwilini, ukinzani wa miguu hupanda, na mizani hudhani umenenepa. Ukisimama kutwa, maji hushuka miguuni, ukinzani hupungua, ukaonekana umekonda. Mafuta yenyewe hayajaondoka hata kijiko.

Anti Ofa hakukubali. Akapanda mizani akiwa amebana mapaja, ngozi kwa ngozi, na asilimia ikashuka zaidi. Akapiga vigelegele. Wakili akamtuliza: mapaja yakigusana, umeme hupata njia ya mkato, kama daladala inayokwepa foleni kwa kupita uchochoroni. Njia ikiwa fupi, ukinzani hupungua.

Ndiyo sababu wataalamu wanauchukulia mkao kwa uzito. Mwongozo wa ESPEN, chama cha wataalamu wa lishe tiba barani Ulaya, wa mwaka 2004, unataka mtu alale chali dakika 5 hadi 10 kabla ya kupimwa, mikono iachane na kiwiliwili kwa nyuzi 30 hivi, na miguu itanuliwe kwa nyuzi 45. Vibati hubandikwa mkononi na mguuni. Bibi Sultani, mama mkwe wangu, akajitolea kuonyesha mfano. Akajitandaza kwenye mkeka katikati ya sebule, mikono huku, miguu kule, na kabla dakika hazijatimia akaanza kukoroma. Tukamzunguka kwa kunyata hadi adhana ya magharibi. Kijiti, kitinda mimba wetu, alikula chakula chake mlangoni.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Hata kwa kipimo cha hospitali cha mkono hadi mguu, kiwiliwili ambacho ni karibu nusu ya uzito wa mtu huchangia takriban sehemu moja ya kumi tu ya ukinzani wote. Mizani ya kusimama ndiyo kabisa, umeme wake unaishia nyonga. Kitambi kilichogombanisha ndugu wawili ndicho ambacho chombo hiki hukiona kwa shida kuliko viungo vingine. Ukitaka kujua habari za kitambi, utepe wa fundi cherehani unatosha.

Basi Wakili akatunga sheria, na Mkaguzi akaipitisha: kupima ni asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya chai, peku, nyayo kavu, umesimama wima muda uleule kila mara, mapaja yameachana. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kifuani asipande kabisa. Na kila mtu ajilinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, asimtazame nduguye. Naiamini sheria hii kwa moyo wote. Tarakimu moja iliyochukuliwa kwa mkao wowote haistahili kumnyima mtu usingizi, wala kuwafanya ndugu wa tumbo moja wasisalimiane.

Nilipouliza kuhusu chapati, Mkaguzi alisema suala hilo lina kikao chake.